Nusu Upawa

Sahani zilikuwa zinarudi jikoni zimelambwa, nami nikawa natembea kifua mbele. Miaka minane nimewapikia wakimbiaji wa kike katika bweni lile, na hakuna kinachomfurahisha mpishi kama sahani isiyobaki hata punje ya wali. Nilikuwa naziinua pale karoni nawaonyesha wasaidizi wangu: tazameni, nani alisema mimi sijui kupika? Haikunijia kichwani hata siku moja kwamba mtu hulamba sahani kwa sababu hajashiba. Na mwenye sahani alikuwa damu yangu mwenyewe.

Sindano ni binti wa mdogo wangu wa kiume. Jina hilo alipewa na wenzake kwa wembamba wake, na kwa jinsi alivyokuwa akipenya katikati ya watu kwenye kona ya mwisho. Baba yake alimleta mwenyewe akiwa na miaka kumi na sita, begi moja, viatu vya mbio vinaning'inia shingoni. Akaniambia, "Dada, huyu simkabidhi kwa mwalimu, nakukabidhi wewe. Mwalimu amfundishe mbio, wewe mlishe." Nikamwambia aende zake, asinifundishe kazi. Nilimtangulia kuzaliwa, nina haki ya kumkaripia.

Wakati ule nilikuwa na mtindo wangu. Baada ya mazoezi marefu nilibeba sufuria ya uji wa maziwa hadi getini mwa uwanja, na wasichana walikunywa vikombe viwili viwili kabla hata hawajavua viatu. Hakuna aliyenifundisha. Niliona tu kwamba waliokunywa mapema walishuka ngazi kesho yake wakiimba, na waliosubiri hadi mchana walishuka wameshika ukuta. Kisha akaja kocha mpya, na wiki yake ya kwanza akapiga marufuku uji wa getini. "Mama, wamechoma mafuta saa mbili nzima, wewe unayarudisha kwa kikombe?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, maana alilisema vizuri.

Simsingizii ubaya. Alikuwa mkimbiaji zamani, anawapenda wale watoto, na mmoja wao akishinda yeye hulia kuliko mama mzazi. Ila imani yake ilikuwa moja tu: aliye mwepesi ndiye anayeshinda. Akaweka mizani kwenye ukumbi mwembamba nje ya chumba cha kulia. Kila Jumatatu, kabla ya chai, wasichana walipanda mmoja mmoja wakiwa na soksi, na uzito wa kila mtu ukaandikwa ubaoni kwa chaki, wote waone. Aliyeongezeka nusu kilo alihamia meza ya dirishani kwa wiki nzima.

Meza ya dirishani ilikuwa na utaratibu wake. Wali nusu upawa, maharage nusu upawa, yai bila kiini, maziwa hakuna. Kocha ndiye aliyeagiza, lakini aliyepima ni mimi. Nilichukua msumari nikakwaruza alama katikati ya upawa wangu, nisije nikamwonea huyu au nikampendelea yule. Nilijisifu kwa alama ile. Nilisema jikoni kwangu kuna haki.

Basi Sindano alirudi kutoka likizo moja ameongezeka gramu mia sita, akahamia dirishani. Nilimpimia kama wengine, shangazi au si shangazi. Wiki ya pili alikuwa amepungua, kocha akamwambia arudi meza kubwa. Akakataa. "Nimeshazoea, kocha," alisema, na kocha akampiga kofi la begani mbele ya wote. Mwezi ule alikata sekunde ishirini katika mbio zake za mizunguko ishirini na tano. Mwezi uliofuata akakata nyingine kumi. Likaanza kusemwa neno la mchujo, kwamba kama ataingia tatu bora atakwenda kushindana nje, na mimi nilipiga vigelegele hadi sauti ikakauka. Mitulinga yake ya mabegani ilikuwa imetokeza kiasi kwamba ungeweza kuweka chumvi ya kupikia nyuma yake isimwagike. Niliiona. Nikajiambia ndivyo wakimbiaji walivyo.

Ufunguo wa kabati la mahitaji ya wasichana ninao mimi: sabuni, dawa ya meno, pedi. Mwezi wa tatu wa meza ya dirishani nikagundua kwamba Sindano hajaniomba pedi muda mrefu. Nikahesabu kwa vidole, damu ikanichemka. Nikamvuta stoo nikafunga mlango.

"Ni nani?"

"Nani nini, shangazi?"

"Usinitie wazimu. Baba wa huyo mtoto ni nani?"

Alinitazama, kisha akacheka hadi akakaa juu ya gunia la vitunguu. "Shangazi, mimi nalala saa mbili naamka saa kumi na moja. Huyo mwanamume nimpate wapi, kwenye mizani?"

Sikucheka. Nilikwenda duka la dawa, nikanunua kipimo, nikasimama mlangoni mwa choo kama askari wa zamu. Hakuwa na mimba. Nilimshukuru Mungu hadi machozi yakanitoka.

"Sasa hedhi imekwenda wapi?" nikamuuliza.

"Imepumzika. Wengi humu zao zimepumzika. Kocha anasema ni dalili mwili umeiva kwa mbio."

Nikaridhika. Mimi, mwanamke mzima niliyezaa watatu, nikakubali kuelezwa habari za hedhi na mwanamume mwenye filimbi shingoni. Hofu yangu ilikuwa mimba, na mimba haikuwepo. Nikarudi jikoni nikashika upawa wangu wenye alama. Nikikumbuka siku ile natamani kujizaba makofi.

Mwezi wa saba wa meza ile mguu ukaanza. Mara ya kwanza alisema ni msuli, akaufunga kitambaa. Kisha akawa analala mapema zaidi, anafoka kwa jambo dogo, mafua hayamwishi. Wiki tatu kabla ya mchujo akasimama katikati ya mazoezi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, ikabidi apelekwe kwa daktari wa timu. Nikafuatana naye, maana baba yake yuko mbali.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mgeni kazini, chumba chake kiko nyuma ya ukumbi wa mazoezi. Alibandika picha ya mfupa kwenye taa akatuonyesha kivuli kwenye muundi, mfupa wa mbele wa mguu. "Huu bado haujapasuka, lakini umechoka," alisema. "Mfupa wa binti wa miaka kumi na tisa hauchoki hivi hivi. Hedhi yako inakuja?"

"Inakuja," alisema Sindano, bila kupepesa jicho.

"Unakula vizuri?"

"Shangazi yangu ndiye mpishi," akajibu, kana kwamba hilo linamaliza maneno.

Daktari akavuta kiti karibu na mimi. Aliongea taratibu, bila kujifanya anajua kuliko watu. "Mama, nauliza kwa sababu hii. Mtu akikimbia, misuli inachanika kidogo kidogo na mfupa unalika kidogo kidogo. Hilo si tatizo, ndiyo kazi ya mazoezi. Akila vya kutosha, tena mapema, usiku mwili unashona pale palipochanika, na kesho panakuwa pagumu kuliko jana. Asipokula, mwili unafanya kama mama mwenye nyumba aliyeishiwa mkaa. Unaamua nini kisipikwe leo. Kwanza unakata hedhi. Halafu unaacha kutengeneza mifupa. Mwanzoni atakimbia vizuri tu, tena kwa kasi, maana amekuwa mwepesi. Hapo ndipo watu wanapodanganyika. Sasa niambie wewe unayempakulia. Anakula?"

Sindano alinitazama. Macho yale niliyajua tangu akiwa mtoto wa kubebwa. Yalikuwa yananiomba.

"Anakula, daktari," nikasema. "Sahani yake hairudi na kitu."

Ilikuwa kweli, ndiyo maana ilinitoka kirahisi. Daktari akaandika. Akasema basi kama anakula na hedhi iko sawa, asikimbie wiki tatu, aendeshe baiskeli ya ndani tu, na Alhamisi ya wiki ya mchujo atampima tena. Akiwa hana maumivu, atamwekea sahihi akimbie Jumamosi. Tulipotoka nje Sindano alinikumbatia, nikahisi mbavu zake zote kupitia fulana. Mwanangu anavunjika, nami nimemfichia.

Nikapiga moyo konde. Nikasema nitayatengeneza mwenyewe, kimyakimya, nitaokoa mguu na mchujo kwa pamoja, wala hakuna atakayejua. Ujinga mtupu, lakini wakati ule nilijiona mjanja. Kuanzia jioni ile, kila kilichokwenda mbele ya Sindano kilipita mkononi mwangu kwanza. Uji wake ulionekana mwepesi kama wa wengine wa dirishani, kumbe nimekoroga maziwa ya unga vijiko vitano. Kwenye maharage nilitia karanga zilizosagwa laini na mafuta. Viini vya mayai nilivyokuwa nawanyima wale watoto nilivipondea kwenye viazi vyake. Alama ya upawa ilibaki pale pale, nusu ni nusu, ila nusu yake ilikuwa na nguvu ya pawa mbili.

Na mwili wake ukaitikia, jamani! Siku ya sita mafua yakakatika. Siku ya nane nikamsikia anamtania mwenzake kwenye foleni, sauti niliyokuwa nimeisahau. Nikajifungia stoo nikacheka peke yangu.

Jumatatu ya kwanza mizani ilionyesha ameongezeka gramu mia mbili, kocha akapuuza. Jumatatu ya pili ilionyesha kilo moja na zaidi. Kocha aliizungushia tu ile namba duara la chaki, mara mbili, akaenda kunywa chai yake.

Sindano alikuja jikoni moja kwa moja. Hakubisha hodi. Alifungua kabati la juu, la chini, akainama chini ya meza, akatoa kopo la maziwa ya unga na mtungi wa karanga, akaviweka mbele yangu.

"Umenifanyia nini?"

"Nimekulisha."

"Umeniwekea vitu kwenye chakula. Kama panya!"

"Mwanangu, ulimsikia daktari. Mfupa wako..."

"Nimekuuliza mimi? Umeniuliza? Wiki mbili kabla ya mchujo, shangazi! Mizunguko ishirini na tano, na kila mzunguko nibebe kilo yako?" Akalisukuma kopo upande wangu. "Watu wengine wote hapa wanataka kunitoa, nilijua hilo. Wewe sikukudhania."

Kocha naye alinipitia saa sita. "Mama, najua unampenda. Lakini utamharibia mtoto maisha." Alisema kwa upole, na upole wake ulinikata maini kuliko makelele ya Sindano. Nilitaka kumpa vidonge vyake. Nilitaka kumuuliza lini mara ya mwisho amewaona hawa watoto wakipanda ngazi. Badala yake nikasema, "Nimekuelewa, kocha," nikaendelea kuosha mchele.

Tangu siku ile Sindano hakugusa chakula cha jikoni kwangu. Alinunua karoti, akaziosha mwenyewe bombani, akazila akiwa amesimama. Chai ya rangi, bila sukari. Niliweka sahani mbele yake, akaisukuma kwa kidole kimoja hadi ukingoni mwa meza. Nilikuwa nimemwibia kitu kimoja alichokuwa amebakiwa nacho, kuamini mkono wa shangazi yake, na bila hicho hata kile kidogo alichokuwa akila kikakoma. Nisingegusa uji wake, angalau angekula nusu.

Alikuwa anaapa kwamba mguu umepona. Kwa kocha aliruka ruka kuonyesha. Viatu vyake, ambavyo vilipaswa kulala kabatini, nilivikuta asubuhi vina nyasi mbichi. Na Jumatano ya wiki ya mchujo, nikiwa nimeinama nyuma ya mlango napanga masanduku ya nyanya, nikamwona anashuka ngazi za bweni akidhani hakuna mtu. Alikuwa anashuka kinyumenyume. Ameshika chuma kwa mikono miwili, anatanguliza mguu mzima, anauburuta ule mwingine, anapumzika, anaanza tena. Ngazi kumi na moja. Alipofika chini alijifuta uso kwa fulana, akanyoosha mgongo, akatoka uani anatembea kama mtu asiye na shida duniani.

Nilibaki na nyanya mkononi. Kama nikisema kesho, ananichukia na mchujo umekwenda. Kama nikinyamaza, anakimbia. Sikuwa na njia ya tatu, ile niliyokuwa nayo nimeshaichezea.

Alhamisi nilivua aproni nikaingia chumba cha daktari bila kuitwa. Sindano alikuwa kitandani, kocha amesimama dirishani, daktari ana kalamu mkononi tayari.

"Usiweke sahihi," nikasema.

"Shangazi," akasema Sindano, polepole.

"Hajapata hedhi miezi saba. Anakula nusu upawa, namimina mwenyewe, na sasa siku kumi hali hata hiyo. Nilipokuambia anakula nilikudanganya. Anashuka ngazi kinyumenyume."

"Mwongo!" Alipiga kelele hadi kocha akashtuka. "Anasema uongo, daktari, amegombana na mimi!"

Daktari hakubishana na yeyote. Alimwomba asimame kwa mguu mmoja, ule unaouma, aruke mara moja tu. Sindano alisimama. Sote tulimtazama akijiandaa kuruka, midomo imebana, na hakuruka. Alishika ukingo wa kitanda akakaa.

Walimpeleka kupigwa picha kubwa mchana ule ule. Muundi tulioudhani ndio ugonjwa ulikuwa na ufa mwembamba. Lakini juu, karibu na nyonga, kwenye shingo ya mfupa wa paja, kulikuwa na ufa mwingine ambao hakuwa amemwambia mtu. Daktari alinionyesha kwa ncha ya kalamu. Akasema huo ndio unaotisha. Akasema kama angekimbia Jumamosi, ungeachia kabisa mahali fulani katika ile mizunguko, na huenda asingekimbia tena, huenda asingetembea sawasawa. Kocha alisoma ile picha muda mrefu. Kisha akavua filimbi shingoni akaitia mfukoni, akatoka nje, na nikamwona kupitia kioo amechuchumaa ukutani ameshika kichwa. Nilimwonea huruma, na nilikasirika kwamba namwonea huruma.

Niliingia kwa Sindano. Alikuwa amelazwa chali, amekatazwa kukanyaga chini. Nilitegemea matusi. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi.

"Ulijua tangu ile siku ya kipimo," alisema.

"Sikujua kwamba ni..."

"Tangu kwa daktari, basi. Alikueleza yote, nami nikiwa pale pale. Ungesema siku ile, ningekasirika, ningelia, ningepumzika, ningekula. Mwaka kesho ningekuwepo. Ulinifichia nilipokuwa sitakiwi kufichiwa. Halafu ukaniwekea vitu kwenye chakula. Halafu leo ndio umekumbuka kusema." Hakuwa anafoka. "Mimi nilikuwa na njaa, shangazi. Nilikuwa naamka usiku kwa njaa. Nilikuwa nasubiri mtu mmoja aniamrishe kula mbele za watu, nimlaumu yeye. Nilidhani mtu huyo ni wewe."

Nilijaribu kumshika mkono, akauingiza chini ya shuka.

Baba yake alikuja Jumamosi, siku ya mchujo wenyewe, akamchukua kwa gari la kukodi, mguu umenyooshwa kwenye kiti cha nyuma. Nilimweleza kila kitu nje ya geti, sikujipunguzia. Alinisikiliza ameinamisha kichwa. Alipoondoka hakuniaga, na Sindano hakugeuka.

Mizani iliondolewa baada ya daktari kuandika barua ndefu. Kocha yupo, amepunguza maneno. Siku moja alikuja jikoni akaniuliza kama naweza tena kupeleka uji getini, nikamwambia nimeshaanza tangu Jumanne, hukuona? Wasichana wanakula. Wengine wanaogopa bado, wananitazama mkono ninapopakua, nami napakua polepole wauone vizuri. Ninaongea nao waziwazi, hata mambo ya hedhi, mbele ya kocha, atake asitake.

Nyumbani kwa mdogo wangu sijafika. Nilituma salamu mara tatu, hazikurudi. Mwezi wa nne tangu waondoke simu ikalia mchana, nikiwa namenya viazi. Alikuwa ni mdogo wangu.

"Dada."

"Niambie."

"Daktari wa huku amempiga picha. Mfupa umeshika. Ameanza kutembea bila magongo."

Nilikaa chini, sakafuni, na kisu mkononi. Wasaidizi wangu wakadhani kuna msiba.

"Anakula?"

"Anakula. Mwanzoni ilikuwa shida, mama yake alikaa naye kila mlo. Sasa anakula mwenyewe. Jana aliomba aongezewe."

"Aliomba mwenyewe?"

"Mwenyewe, dada. Alisema, bado nina njaa."

Nililia, sikuona haya. Nikamwambia kesho nakuja, naomba ruhusa leo leo, napanda gari la asubuhi. Nikamsikia anatembea, mlango unafungwa, anashusha sauti.

"Dada, usije. Nilimuuliza kabla sijapiga. Anasema akikuona hataweza kula."

Viazi vilikuwa bado nusu ndoo. Nilijifuta uso kwa kiganja cha mkono.

"Basi siji," nikasema. "Usimwambie nimelia. Mwache ale."